Lenzi Namba Saba

Katika mtaa wetu wa vifaa vya maabara hapa Ambala, mgeni akiuliza duka la Bhateri huonywa kwanza: hesabu vidole vyako ukiingia, vihesabu tena ukitoka. Ni utani, lakini si utani sana. Mimi namuuzia masanduku ya mbao na nyasi za kufungashia, mwaka wa kumi na tisa huu, ukuta wangu ndio ukuta wake, na sijamshinda bei hata siku moja. Wala hasemi uongo. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Anakuuliza swali, wewe unajibu kwa uvivu, na jibu lako mwenyewe linakufunga kamba.

Jina lake maana yake ni "wanatosha". Alizaliwa binti wa nne, baba yake akamwita hivyo ili mbinguni wasikie na kuleta mvulana. Mbinguni walisikia nusu: wasichana hawakuja tena, na mvulana naye hakuja. Huyo baba, Ratiram, alikuwa msugua lenzi katika karakana ya mtu mwingine, vidole vyekundu mwaka mzima kwa ule unga wa kung'arishia. Bhateri alimpelekea chakula cha mchana, mkate wa uwele na mtindi, kisha hakuondoka. Alikaa pembeni akipapasa vioo. Alipofika miaka kumi na miwili aliweza kupitisha dole gumba juu ya lenzi na kutaja kipimo chake, yaani umbali ambao picha ya kitu cha mbali hutulia sawasawa ukutani. Sentimita kumi, kumi na tano, ishirini. Hakukosea.

Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika darasa la kumi na mbili, na alitaka kitu kimoja tu: kusomea uhandisi. Kati yake na chuo alisimama mwalimu wa fizikia, Hariom Kaushik.

Kaushik wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, shati jeupe, nywele za mafuta. Maabara ya shule ya Lal Kothi ilikuwa na kabati moja la vifaa, na ufunguo wake Kaushik aliufunga kwenye uzi mtakatifu anaovaa Brahmin, mtu wa tabaka la makuhani, kifuani chini ya shati, kama wafanyavyo wazee wenye masanduku ya mali. Kabati lilifunguliwa mara moja kwa mwaka, siku ya mtihani wa vitendo. Kipindi cha vitendo kilipofika, aliandika hesabu ubaoni.

"Fizikia iko hapa," alikuwa akisema, akigonga paji la uso. "Vidole ni vya fundi cherehani na mpaka chokaa. Mkitaka kuchafua mikono, soko la mboga liko wazi."

Na daftari la vitendo je? Hilo lilinakiliwa kutoka la mwaka uliopita, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka la mwaka wa nyuma yake. Wanafunzi walilifunika karatasi ya dhahabu, wakachora maua pembeni. Jibu lilijulikana kabla ya swali. Lenzi za shule ni kumi na tano. Basi chukua kumi na tano, pika vipimo vitano vinavyoizunguka, kumi na nne nukta tisa hapa, kumi na tano nukta moja pale, gawanya, pata kumi na tano. Kila shule inayonunua mtaani kwetu ilifanya hivyo. Mtu anayeishi kwa kuuza vifaa hashangai vikikaa kabatini. Kifaa kisichoguswa hakirudishwi.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi wa nje, akakalishwa penye feni, akaletewa sambusa na korosho. Bhateri akapewa lenzi namba saba. Nambari imechongwa kwenye kishikio chake cha mbao. Akaielekeza dirishani, upande wa tangi la maji lililo juu ya paa la jirani, na kwenye ukuta nyuma yake picha ya tangi ikatua kichwa chini, miguu juu, imekolea. Akapima kwa rula. Mara tatu.

"Umepata ngapi?" Kaushik akauliza.

"Ishirini, Mwalimu."

"Kumi na tano."

"Nimepima mara tatu, Mwalimu. Ni ishirini."

"Lenzi zote za shule hii ni kumi na tano tangu hujazaliwa."

"Labda hii ilizaliwa nyuma yangu, Mwalimu."

Darasa likacheka. Wengine husema kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwamba mtoto mwenye akili angemeza na kuandika kumi na tano. Lenzi ya mwanzo ilishavunjika miaka mingi nyuma, na mzee wa kufagia akanunua nyingine sokoni bila kuuliza kipimo. Bhateri hakulijua hilo. Alijua tu kilichokuwa mkononi mwake.

"Kaushik, mwambie abadilishe tu," msimamizi akasema, mdomo umejaa. "Chai inapoa."

"Shika mwenyewe, Mwalimu," Bhateri akasema. "Elekeza pale kwenye tangi. Ni dakika moja."

"Mimi nishike?" Kaushik akageuka ili wote wasikie. "Mimi ni mwalimu, siyo baba yako. Nenda kasugue vioo naye. Nyinyi mikono yenu inajua, vichwa havijui."

Akapiga mstari mwekundu juu ya ukurasa, kona hadi kona, akaandika tisa kati ya thelathini, akatia sahihi. Kufaulu kulianzia kumi.

Mwaka huo chuo kilimkataa kwa kupungukiwa alama kumi na nne. Mwaka uliofuata mapafu ya Ratiram yalijaa vumbi la kioo, na Bhateri akakaa kwenye kigoda cha baba yake.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Alisugua. Akaolewa na fundi shaba mpole ambaye sasa ni marehemu. Akakodi mashine moja, akainunua, akanunua ya jirani aliyekunywa mtaji wake. Leo ana wasichana ishirini na wawili, na akiajiri haangalii cheti. Anakutia lenzi mkononi, anakuangalia unavyoishika. Ukiishika kwenye uso wa kioo, unarudi nyumbani. Ukiishika ukingoni, unapewa chai. Lile daftari la karatasi ya dhahabu alilihifadhi kwenye droo ya chini, pamoja na hati ya kiwanja. Nililiona mara moja, nikamwambia alitupe.

"Wewe umetupa deni gani la mtu?" akaniuliza.

Hata moja sijatupa.

Miaka ishirini na minane ikapita. Januari moja ya ukungu, ule unaomeza barabara hadi saa tano, akaingia dukani mtu wa makamo aliyejifunga shali ya sufu, tumbo mbele. Mimi nilikuwa nimekaa pale nabishania masanduku.

"Wewe dada, mwenye duka yuko wapi?"

"Unaongea naye, Mwalimu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Chaki huwa haitoki, Mwalimu. Karibu ukae."

Kaushik hakumtambua. Angemtambuaje? Wanafunzi elfu nne wamepita mbele yake na hakupata kumwangalia hata mmoja mikononi. Akaeleza haja yake. Alikuwa sasa mkuu wa sayansi pale Lal Kothi, amebakiza miezi minne astaafu. Jimbo lilikuwa limemweka kwenye orodha ya tuzo ya mwalimu bora wa sayansi, na mwenye tuzo huongezewa miaka miwili ya kazi. Miaka miwili ya mshahara kamili, nyumba ya serikali na kuitwa mkuu. Mkaguzi angekuja Februari kuona maabara, na maabara ilikuwa na utando wa buibui. Alitaka vifaa vipya, seti nzima, upesi.

"Lenzi je, Mwalimu? Za kipimo gani?"

"Lenzi ni lenzi. Weka thelathini."

"Kuna za kumi, za kumi na tano, za ishirini. Zile zenu za zamani zilikuwa ngapi?"

"Dada, mimi nina mambo ya kichwa. Hayo ya ghalani fanya wewe."

"Nakuuliza mara ya tatu mbele ya ndugu huyu, Mwalimu, usije kusema sikukuuliza."

"Zozote! Zing'ae tu."

Bhateri akaniangalia. Nikajua mtu amekwisha.

Akaomba vitu viwili vidogo. Kwanza, vifaa vya zamani vyote virudishwe kwake kama chakavu. Kaushik akafurahi, mzigo umemtoka. Pili, fomu ya serikali. Wanaonunua kwa fedha ya jimbo wanaijua: muuzaji amfundishe mwalimu kutumia vifaa, ampime, aandike alama katika thelathini na kusaini. Hapa kwetu fomu hiyo husainiwa juu ya glasi ya chai. Hajawahi mtu kufundishwa. Nimeona watu wakipewa ishirini na nane huku wanasinzia.

"Niandikie tu ishirini na saba," Kaushik akasema. "Thelathini itatia shaka."

"Iache hapo mezani, Mwalimu. Nitaisaini wakati wake."

Naye akatia sahihi yake, akaiacha, akanywa chai yake na kipande cha sukari guru, akaondoka.

Wiki iliyofuata mzigo wa chakavu ukaja kwenye mkokoteni. Bhateri aliupekua mwenyewe, akipiga magoti. Akatoa kishikio cha mbao kilichopauka, akapuliza vumbi, akapitisha dole gumba juu ya kioo.

"Ishirini," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. Akaiweka kwenye droo ya chini.

Lenzi mpya thelathini zilizokwenda Lal Kothi zilikuwa za ishirini, kila moja na karatasi yake ndogo ya kipimo ndani ya boksi, imeandikwa wazi. Nilizifunga mimi kwenye nyasi. Kaushik aliziingiza kabatini pamoja na maboksi yake, akageuza ufunguo, akaurudisha kwenye uzi wake chini ya shati. "Watoto watavunja," akasema.

Siku ya ukaguzi Bhateri alivaa shali yake nzuri, akaniambia, "Twende ukahesabu masanduku yako." Masanduku yalikuwa mawili. Nikaenda.

Mkaguzi alikuwa Daktari Vrinda Sabnis, mwanamke mfupi kutoka Pune, viatu vya kutembelea, sambusa alizikataa. Akasogeza sahani pembeni ili aweke madaftari. Akafungua la kwanza, la pili, la sita.

"Wote wamepata kumi na tano," akasema.

"Tunafundisha kwa usahihi, Daktari," Kaushik akasema.

"Naona. Na wote wamekosea sehemu ileile ya kujumlisha, mstari wa tatu."

Kosa hilo, mkitaka kujua, lilikuwa na umri wa miaka thelathini na zaidi. Lilikuwa limenakiliwa kwa uaminifu.

Akamwita msichana mmoja, Kavleen, nywele zimesukwa hadi kiunoni. "Njoo mwanangu, nionyeshe ulivyopima." Kaushik akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati, akafungua boksi bila kuangalia karatasi, akampa lenzi. Msichana akaipokea kwa viganja viwili kama chakula cha hekaluni.

"Ulipimaje?"

"Sijawahi kuigusa, Daktari. Mwalimu alisema andika kumi na tano."

"Huyu ni mgonjwa," Kaushik akasema. "Alikuwa na homa."

"Basi tuonyeshe wewe, Mwalimu," Daktari Sabnis akasema. "Tangi lile pale litafaa."

Nataka mnielewe: ni jambo la dakika moja. Binti wa miaka kumi na miwili anaweza. Kaushik akaishika lenzi, vidole vitano katikati ya kioo, mafuta ya sambusa juu yake. Akaiweka jichoni kama miwani. Akaisogeza mbali na ukuta alipotakiwa kuisogeza karibu. Ukutani palikuwa na ukungu mweupe tu.

"Kuna mwanga mwingi," akasema. Kisha, "Ukuta huu si mzuri." Kisha akamwona Bhateri mlangoni. "Muuzaji ndiye! Dada, umeniletea vitu vibovu!"

"Karatasi iko ndani ya boksi, Mwalimu. Imeandikwa ishirini. Nilikuuliza mara tatu."

Kavleen akatoa ile karatasi, akaisoma kwa sauti. Sikuwa nimetarajia watoto wacheke, lakini walicheka, na kicheko cha darasa hakibadiliki kwa miaka ishirini na minane.

Daktari Sabnis hakucheka. Akaomba fomu ya mafunzo. Bhateri akaitoa mkobani: sahihi ya Kaushik chini, kwamba amefundishwa, mahali pa muuzaji patupu.

"Mbona hujasaini, mama?"

"Sijamfundisha, Daktari. Nikisaini nitakuwa nimesema uongo."

Daktari Sabnis akavua miwani, akaifuta. "Mwalimu Kaushik, ningeweza kuandika ripoti sasa hivi. Sitaandika. Nenda ukafundishwe. Fomu ikinifikia kabla ya sikukuu ya Holi ikiwa na alama ya kufaulu, nitasahau niliyoyaona leo. Isipofaulu, sitasahau."

Basi miaka miwili ya Hariom Kaushik ikawa mkononi mwa Bhateri. Mwosha huoshwa, wahenga walisema, ila hawakusema maji yatakuwa ya baridi kiasi gani.

Alikuja Jumamosi ya kwanza akiwa amejipaka manukato. Akatafuta kiti. Bhateri akamwonyesha kigoda, kile cha Ratiram, kati ya wasichana wawili wenye vidole vyekundu.

"Dada, mimi ni mtu mzima."

"Kigoda kimebeba wazito kuliko wewe, Mwalimu. Kwanza nipe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa kabati. Vifaa vitoke, watoto washike. Sifundishi mtu mwenye kabati limefungwa."

Alibishana robo saa. Kisha akaingiza mkono chini ya shati, akaufungua ufunguo kutoka kwenye uzi, fundo lilikuwa limekazana hata ikabidi msichana amsaidie kwa meno ya koleo. Bhateri akautundika kwenye msumari nyuma ya kaunta.

Jumamosi tatu. Alisugua kioo mpaka unga mwekundu ukaingia kwenye kucha. Wasichana walimwita "mwanafunzi mpya".

"Mwanafunzi mpya, shika ukingoni!"

"Mwanafunzi mpya, hiyo ni lenzi, siyo donge la sukari la laddu, usiifinye!"

Nami nitasema haki, maana mfanyabiashara asiyesema haki ya bidhaa hafiki mbali: alijifunza. Jumamosi ya pili alikosea mara mbili tu. Ya tatu alikuja mapema. Alianza kuuliza maswali, maswali mazuri, ya mtu aliyefundisha jambo nusu ya maisha yake na sasa analiona.

Jioni ya Jumamosi hiyo Bhateri akafungua droo ya chini, akampa lenzi ya kishikio kilichopauka.

"Huu ndio mtihani. Pima."

Akaishika ukingoni. Akaielekeza kwenye bango la sinema ng'ambo ya barabara, na ukutani kwetu waigizaji wakasimama kwa vichwa, wamekolea kila unywele. Akapima. Akapima tena. Akapima ya tatu bila kuambiwa.

"Ishirini," akasema, akatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu. Alikuwa kama mtoto aliyeona mwezi kwa mara ya kwanza. "Ishirini kamili, dada!"

"Ni sawa kabisa," Bhateri akasema. Akavuta fomu, akaandika, akasaini, akamgeuzia.

Tisa kati ya thelathini.

Tabasamu lilichukua muda kuondoka, kama mgeni asiyejua ameshafukuzwa. "Tisa? Umekosea. Umesema ni sawa."

"Ni sawa."

"Nimepata jibu sahihi! Umeona mwenyewe, hawa wameona!"

"Na mimi nilipata."

Akaweka daftari la karatasi ya dhahabu mbele yake, limefunguliwa. Kaushik akausoma mstari mwekundu, akaisoma sahihi yake, akageuza kile kishikio cha mbao akaona namba saba. Wasichana waliacha kusugua. Mashine moja tu ilikuwa inalia, hakuna aliyekwenda kuizima.

"Mimi sikumbuki," akasema mwishowe.

"Najua."

"Nilikuwa kijana. Nisamehe, dada. Nisamehe, binti yangu."

"Nimekusikia, Mwalimu. Ni tisa."

Nikatia neno, nikiwa mtu wa kupatana bei. "Bhateri, kufaulu ni kumi. Ongeza moja tu, umeshamshinda, mpunguzie."

"Wewe uza masanduku," akaniambia, na hakuniangalia.

Kaushik angeweza kukata rufaa. Nilimngoja aikate. Lakini malalamiko yangemlazimu aeleze hilo daftari, na ishirini iliyopigwa mstari, na kwa nini hakushika lenzi dakika moja mwaka ule. Akavaa shali yake, akaichukua fomu, akatoka. Vidole vyekundu vilionekana hata alipovuka barabara. Fomu ilifika kabla ya Holi; aliipeleka mwenyewe, hilo namhesabia. Mwezi wa nne alistaafu, bila tuzo, akahamia mji wa Karnal kwa mwanawe.

Kuna siku nilimuuliza Bhateri kama haoni alizidisha. Alikuwa anapima mzigo wa mtu mwingine, lenzi moja baada ya nyingine juu ya dole gumba.

"Alinitoza chuo," akasema. "Nimemtoza miaka miwili. Bado amenunua rahisi."

Ule ufunguo uko palepale kwenye msumari, nyuma ya kaunta, umeanza kushika kutu. Kabati la Lal Kothi halifungwi siku hizi. Lenzi nne zimeshavunjwa na watoto, na Bhateri amewauzia nyingine, bei ileile, hakuwapunguzia hata paisa moja.